Namba tatu kwa kila kituo: namna ya kusafiri na kitabu cha barabara ya Alaska

"Shikamoo mzee. Sisi ni familia ya watu wanne, tunaishi Edmonton, Kanada, watoto wana miaka sita na tisa. Julai tunataka kwenda Fairbanks, Alaska, kwa gari letu, Toyota Sienna, wiki tatu kwenda na kurudi. Jirani ametupa kitabu chake cha The Milepost, mwongozo wa barabara ya Alaska, toleo la miaka mitano iliyopita. Nimekisoma mpaka kichwa kinauma. Kila mahali pana namba tatu zisizolingana: maili za zamani, maili za sasa, kilomita. Kuna sheli zilizoandikwa humo ambazo kwenye simu hazipo, na nyingine ziko kwenye simu lakini kitabuni hazipo. Mume wangu anasema tuachane nacho, simu inatosha, na tena anataka tukifika Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, tupinde mpaka Inuvik tukaione bahari ya Aktiki. Yeye ni raia wa Kanada. Mimi bado natumia pasipoti ya nyumbani na kadi ya ukaazi. Naogopa kukwama porini na watoto. Je, kitabu hiki ni cha kuaminiwa? Na mtu anakitumiaje?"

Marahaba, dada. Ninavyokuelewa, unachoogopa ni kukosea hesabu mahali ambapo hakuna wa kumuuliza. Hofu hiyo ni ya haki na wala usiione aibu. Kabla sijahamia huku niliendesha malori ya Dar na Tunduma, na baadaye nimepeleka mizigo Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, kwa miaka mingi, kitabu hicho kikiwa pembeni ya kiti. Nianze na jibu lenyewe: kiamini kwa umbali, usikiamini kwa hali. Kikikwambia kutoka daraja hili mpaka njia panda ile ni maili kumi na nne, ni kumi na nne. Kikikwambia hapo njia panda kuna mafuta na chai, hiyo ilikuwa kweli siku mwandishi alipopita. Na toleo la jirani mrudishie kwa shukrani, ununue la mwaka huu. Kitabu hiki kimekuwa kikitoka tangu 1949, nacho hutolewa upya kila mwaka kwa sababu nyumba za wageni za njia ile hufungwa, huuzwa na huungua. Miaka mitano kwenye barabara ya namna hiyo ni mingi mno.

Sasa namba tatu. Wengi huziona wakadhani kitabu kina makosa. Hakina. Fikiria Maili Moja ya Kibaha. Hakuna anayeshuka pale akauliza maili moja kutoka wapi, wala hakuna anayebeba tepu kupima. Ni jina la mahali. Namba za zamani za barabara ya Alaska ziko hivyohivyo. Barabara ilichimbwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, kwa haraka ya vita, kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Oktoba. Ilikuwa ya kupindapinda, ikikwepa matope na vilima, na nguzo za maili zikawekwa kufuata mipindo hiyo, maili sifuri ikiwa Dawson Creek, mji wa jimbo la British Columbia, Kanada. Watu wakajenga nyumba za wageni, na anwani zao zikawa ndiyo maili hizo. Miaka ikapita, kona zikanyooshwa, barabara ikafupika, majina yakabaki. Kwa hiyo Watson Lake kwa jina la zamani ni maili 635, lakini ukiendesha leo kutoka Dawson Creek utasoma takriban 613. Delta Junction, mwisho rasmi wa barabara, ni maili 1,422 kwa jina na takriban 1,387 kwa safari. Kisha Kanada ikahamia kilomita, ikapanda nguzo zake, nazo zikapimwa upya kwa nyakati tofauti huku British Columbia na kule Yukon. Hapo ndipo unapopata namba ya tatu.

Zigawe kazi. Namba ya kihistoria ni anwani: itumie kumtafuta mtu au kuelewa kibao cha nyumba ya wageni. Kilomita ni za kulinganisha na nguzo za barabarani ukiwa Kanada. Maili za sasa ndizo za hesabu ya mafuta na muda. Ukivuka mpaka kuingia Alaska utaona nguzo zimerudi kwenye maili, zikianza juu kidogo ya 1,221. Hizo zimefuata hesabu ya zamani, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine utapata umbali sahihi ndani ya Alaska, ila usizichanganye na hesabu uliyotoka nayo Kanada. Tofauti ya maili 35 hivi ilikwishapatikana kabla ya mpaka.

Kila kituo kitabuni kina umbali kutoka mwanzo wa barabara na umbali uliobaki hadi mwisho wake. Fort Nelson, kwa mfano, iko takriban maili 283 kutoka Dawson Creek na zimebaki kama 1,104 kufika Delta Junction. Jumlisha, utapata 1,387. Mimi huo ndio mtihani ninaompa kila anayeanza: ukiweza kufungua ukurasa wowote, ukajumlisha na kujua uko wapi, umekwisha kukielewa. Kimeandikwa kwa anayetoka kusini kwenda kaskazini. Mkirudi mtakisoma kinyumenyume, kutoka chini ya ukurasa kwenda juu, na kama umeandika "kulia" pembeni kwa kalamu, wakati wa kurudi itakuwa kushoto. Andika kando ya mto, kando ya mlima, kitu kisichogeuka.

Namna ya kukitumia ndiyo hii. Usikisome chote nyumbani, utachoka kama ulivyochoka. Soma kurasa za kesho, leo usiku, mkiwa mmeshakula. Chukua daftari uandike mapengo, yaani umbali kati ya mafuta na mafuta, maji na maji, kitanda na kitanda. Majina ya vivutio yaache kwanza. Kutoka Fort Nelson mpaka Watson Lake ni kama kilomita 530, na katikati ni milima, Muncho Lake, na nyumba za wageni chache. Gari lenu likiwa tupu kwenye barabara kuu ya Edmonton linaweza kumaliza umbali huo kwa tanki moja. Likiwa limebeba watu wanne, mizigo juu, linapanda Summit Pass, sehemu ya juu kuliko zote kwenye barabara hiyo, mita 1,295, usilipe imani hiyo.

Kanuni ninayoomba muishike ni ya kuhesabu kwa kituo cha pili. Ukitazama sheli inayofuata kitabuni, jiulize: nikiikuta imefungwa, nitafika ile ya baada yake? Kama jibu ni hapana, jaza hapa ulipo, hata kama tanki limepungua robo tu na bei inauma. Kanuni hii nimeinunua. Mwaka mmoja, nikiwa na mke wangu kwenye pikapu yetu wenyewe, tulifika jioni kwenye nyumba ya wageni niliyokuwa nikiitegemea tangu asubuhi. Taa zimezimwa. Kwenye pampu kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, mvua imeshailowesha, wino umechuruzika, lakini neno moja lilisomeka: Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu. Tulilala ndani ya gari mbele ya pampu ile, mbu wakigonga vioo, mpaka asubuhi alipopita mzee mmoja mwenye trela akatuuzia lita kumi kutoka dumu lake. Kitabu hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesoma "kuna" nikaelewa "ipo leo".

Mume wako kuhusu simu yuko sahihi nusu. Yale maandishi ya wapi ulipo yanatoka kwenye setilaiti, kwa hiyo alama ya bluu itaendelea kutembea hata mahali pasipo na mtandao. Kinachokatika ni ramani yenyewe na majibu ya utafutaji, kwa sababu hivyo hutoka kwenye minara, na minara iko mijini. Kati ya mji na mji mtakwenda saa nzima, mara nyingine saa kadhaa, bila hata kijiti kimoja. Mpakue ramani za njia yote mkiwa bado Edmonton. Lakini hata ramani hiyo haitakwambia kwamba baada ya kilomita tatu kuna eneo la kuegesha lenye choo, au kwamba mteremko unaokuja ni mkali na una kona mwishoni. Kitabu kitakwambia. Na zile sheli zinazopingana kati ya kitabu na simu, ziandike kwenye karatasi moja. Kisha mpige simu kwa namba zilizo kitabuni siku moja kabla. Dakika mbili za simu zinamaliza ubishi wa wiki.

Jambo ambalo watu huliogopa bure ni changarawe. Barabara kuu ya Alaska ina lami. Mtakutana na vipande vya changarawe pale wanapotengeneza, mtasimamishwa na mwenye kibao, mtafuata gari la kuongoza, na mkipishana na lori mpunguze mwendo ili kioo cha mbele kisipigwe jiwe. Basi.

Jambo ambalo watu hawaliogopi inavyotakiwa ni lami yenyewe, hasa kuanzia Kluane Lake, kupita Burwash Landing, mpaka mpakani. Chini ya barabara pale ardhi imeganda mwaka mzima, na ndani ya udongo mna barafu. Mimea laini inayotanda ardhini na nyasi za juu ndizo blanketi lake. Mwaka 1942 wanajeshi walizikwangua kwa matingatinga, jua likaingia, barafu ikayeyuka, na njia ikageuka bwawa la tope lililomeza magari. Wakajifunza kuacha blanketi mahali pake na kutandika magogo juu. Lami nyeusi leo inafanya kosa lilelile polepole: inanyonya joto, barafu ya chini inayeyuka, barabara inadidimia. Mahali pengine maji yanaganda upya wakati wa baridi na kuisukuma juu, ikaumuka kama andazi. Matokeo yake ni mawimbi ambayo kwa mbali huyaoni. Tazama mstari wa katikati. Ukiona umepinda mahali ambapo barabara imenyooka, punguza mwendo papo hapo, kwa maana mkifika juu ya wimbi mkiwa kasi, gari litaruka na kutua kwa matumbo. Kitabu huonya juu ya maeneo haya, na mimi kwenye daftari ningeyapa muda mara moja na nusu ya kawaida.

Wanyama nitapita haraka. Karibu na mto Liard makundi ya nyati wa huko hulala pembezoni mwa lami, hata katikati. Moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ndiye wa hatari zaidi, kwa kuwa miguu yake ni mirefu kiasi kwamba ukimgonga, mwili wote unakuja kwenye kioo. Julai jua la Fairbanks huzama karibu saa sita usiku, na mwanga huo hudanganya. Mwili unachoka saa zilezile za siku zote. Kutoka kwenu mpaka Fairbanks ni kama kilomita 3,000. Mkienda 500 kwa siku mnafika siku ya sita, na wiki tatu zinawatosha bila haraka. Muda wa jioni msiendeshe.

Moto wa msituni kitabu hakiwezi kuutabiri. Mei 2024 mji wa Fort Nelson wote ulihamishwa kwa sababu ya moto, na huo ndio mji mkubwa wa mafuta na vitanda kati ya Fort St. John na Watson Lake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hamjaacha mtandao wa hoteli, fungueni taarifa za barabara: DriveBC mkiwa British Columbia, 511 ya Yukon, kisha 511 ya Alaska. Weka siku mbili za ziada kwenye ratiba ambazo hazina kazi. Barabara ikifungwa hakuna kichochoro cha kupitia. Njia nyingine ya maana kuelekea Yukon ni ile ya Cassiar, iliyo magharibi kabisa, nayo inaungana na barabara kuu karibu na Watson Lake.

Sasa Inuvik. Hapa nitasema kama kaka: safari hii, hapana. Kwanza Inuvik haiko baharini. Iko kwenye delta ya mto Mackenzie. Bahari iko Tuktoyaktuk, kilomita nyingine 138 hivi, kwa barabara iliyofunguliwa 2017. Barabara ya Dempster inayofika Inuvik ni ya changarawe, karibu kilomita 740, na ukishaiacha njia panda ni kilomita 369 mpaka Eagle Plains ndipo ukute mafuta. Imejengwa juu ya tuta nene la changarawe ili ardhi ya chini isiyeyuke, na sehemu zake zina mawe ya kipande yenye ncha kama kisu. Pancha mbili kwa safari moja si habari ya kushangaza pale. Magari mengi ya familia hubeba spea ndogo ya kukusogeza mpaka kwa fundi, na hapo fundi yuko siku nzima mbali. Kuna mito miwili mikubwa ya kuvuka kwa kivuko, na maji yakijaa au kukiwa na magogo, kivuko husimama. Nimewaona watu wakiimaliza kwa magari madogo, na ni barabara nzuri ajabu, mlima wa Tombstone nisingemnyima mtu yeyote. Ila walikuwa na spea mbili kamili, madumu, pampu ya upepo, na hawakuwa na mtoto wa miaka sita. Mkitaka kuonja, ingieni kilomita sabini hivi mpaka Tombstone, mlale, mrudi. Kitabu kinazo kurasa za njia hiyo pia. Mume wako azisome kwa sauti mbele yako, pengo kwa pengo, halafu mwamue pamoja.

Kuna jambo ambalo kwenye swali lako umelitaja kwa kupita, nami naliona kubwa kuliko mafuta. Mume wako raia atavuka mpaka bila shida. Wewe, kwa pasipoti ya nyumbani, kadi ya ukaazi wa Kanada haikuingizi Alaska. Unahitaji viza ya Marekani, na sheria za viza kwa nchi zetu zimekuwa zikibadilika. Hilo usiulize kitabu wala mimi. Ulizia ubalozi mdogo wa Marekani au wakili wa uhamiaji sasa hivi, kabla hujalipia hoteli hata moja. Ikishindikana, safari haijafa: Whitehorse, Kluane na Dawson City zote ziko ndani ya Yukon, na nina marafiki waliogeukia Beaver Creek, kijiji cha mwisho cha Kanada kabla ya mpaka, bila majuto. Mkivuka, kumbukeni saa inarudi nyuma moja wakati wa kiangazi. Na kama mtataka kurudi kwa ile njia ya juu ya milima kupitia Dawson City, mpaka wake hufungwa jioni, na majira ya baridi hufungwa kabisa.

Ndani ya gari, kitabu kisikae kwa dereva. Kwenye malori tulikuwa na utingo, na huku utingo wako ni mtu wa kiti cha mbele mwenye kitabu mapajani na kidole kwenye mstari. Kazi yake ni kusema mapema: "Baada ya maili mbili kuna maegesho upande wa ziwa." Mpe wa miaka tisa zamu yake kwenye vipande rahisi. Mtoto anayejua kinachokuja haulizi kila dakika kama mmefika. Mwambie atafute maji ya moto ya Liard, mkaoge. Mwambie atafute Watson Lake, ambako mwaka 1942 mwanajeshi Carl Lindley, akiwa na hamu ya nyumbani, alipachika kibao cha mji wake Illinois, na leo vibao ni maelfu. Tengenezeni chenu kabla ya kuondoka, kiandikeni jina la kwenu, mbebe misumari na nyundo.

Na mkifika Beaver Creek, msimame kidogo. Karibu theluthi moja ya wanajeshi walioichimba barabara ile walikuwa weusi, kwenye vikosi vilivyotengwa na wazungu, wengi wakitoka majimbo ya joto ya kusini. Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na hapo, Refines Sims, koplo mweusi, alikuwa akisukuma miti kwa tingatinga kuelekea kusini, akaona miti ya mbele yake inamwangukia. Akarudi nyuma, na kwenye upenyo akatokea Alfred Jalufka, mzungu, na tingatinga lake likitoka upande wa pili. Hapo ndipo vipande viwili vya mwisho vilipokutana. Ningependa wanao wasikie hilo wakiwa wamekanyaga mahali penyewe.

Wiki mbili kabla ya safari mpeleke gari kwa fundi, si siku moja kabla, ili kikikosekana kipuri kiagizwe. Mwambie aangalie tairi zote na ile spea, breki, betri, mikanda na maji ya rejeta, na umwambie unakwenda wapi. Kama kuna mwenye pumu au kisukari nyumbani, muone daktari kuhusu moshi na dawa za ziada. Hospitali zipo Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, ziandike kwenye daftari pamoja na mapengo. Mkifika Dawson Creek ingieni ofisi ya wageni, mfungue kitabu mezani mbele ya mhudumu, mwonyeshe kidole sheli mnazozitegemea na umuulize ipi imefungwa. Chukua kalamu nyekundu.